Betri ya Motokaa Isiyosafiri Sana

Leo nataka kuzungumza nanyi habari ya chombo kimoja kikaacho ndani ya motokaa, ambacho watu wengi hawakikumbuki mpaka siku kinapowaaibisha. Chombo hicho ni betri. Wala sisemi habari ya betri ya basi liendalo Dar es Salaam kila siku, maana dereva wa basi hana taabu nayo sana. Nasema habari ya betri ya motokaa ikaayo uani siku nyingi bila ya kusafiri.

Motokaa za namna hii ni nyingi katika nyanda zetu za juu za kusini. Liko trekta la mkulima wa Mufindi au Mbarali, ambalo hulima wakati wa mvua za kwanza, kisha likasimama chini ya mti miezi mingi. Liko lori la shule, litokalo siku za kuleta chakula na siku za kufunga shule tu. Iko motokaa ya mzee aliyestaafu, ambaye huenda nayo mjini Iringa au Mbeya siku ya kupokea fedha zake, kisha akaifunika turubai mpaka mwezi mwingine. Tena iko motokaa ya wagonjwa katika zahanati, na hiyo ndiyo inipayo hofu kuliko zote.

Fikirini zahanati iliyo juu mlimani, katika Kilolo au Rungwe. Huenda majuma matatu yakapita pasipo mgonjwa wa kupelekwa hospitali ya mkoa, na watu wote wakafurahi kwa hali hiyo. Kisha usiku mmoja wa mwezi wa Juni, baridi ikiuma na ukungu ukifunika njia, analetwa mama aliyeshikwa na uchungu tangu asubuhi, na muuguzi anaona ya kuwa hapana budi apelekwe hospitali. Dereva anaamshwa, anaingia, anazungusha ufunguo. Anasikia mlio mdogo, ta-ta-ta, kisha kimya. Injini ni nzima, mafuta yamo, magurudumu yamejaa upepo, na njia inapitika. Kilichokufa ni betri peke yake, nayo haikufa usiku ule. Ilikuwa ikifa kidogo kidogo katika majuma yale matatu ambayo kila mtu aliona motokaa imepumzika.

Wahenga walisema, akiba haiozi. Ni kweli kwa mambo mengi, lakini betri ni akiba iozayo. Mahindi uliyoyakausha vema na kuyatia ghalani yatakungoja. Umeme uliomo ndani ya betri haungoji. Kwa hiyo, mwenye motokaa isiyosafiri sana yampasa kujua jambo hili moja kwanza: betri yake haitachoshwa na kazi, bali itauawa na kusimama ikiwa haikujaa.

Ndani ya betri mna nini

Betri ya motokaa ni kazi ya zamani. Mfaransa mmoja, Gaston Planté, aliibuni mwaka 1859, kabla motokaa hazijakuwapo. Motokaa za kwanza zilizungushwa kwa mkono, kwa chuma kilichoitwa hendeli, na watu wengi walivunjwa mikono hendeli ilipowarudi kwa nguvu. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac huko Marekani ilianza kuuza motokaa zenye stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering, na tangu hapo betri imekuwa mtumishi wa kuamsha injini. Hata hivyo, kwa miaka mingi baadaye hendeli iliendelea kuwekwa chini ya kiti, na dereva ambaye betri yake imekufa aliweza kujiokoa. Motokaa za siku hizi hazina hendeli, na zile zenye gia za kujibadili zenyewe haziwaki hata zikisukumwa na kijiji kizima. Kwa sababu hiyo betri imekuwa jambo kubwa kuliko ilivyokuwa kwa babu zetu.

Ukiitazama betri ya motokaa ndogo utaona sanduku lenye vyumba sita. Kila chumba hutoa umeme wa volti mbili na kidogo, na vyote sita vikiungwa pamoja hupata volti 12 na zaidi. Ndani ya kila chumba mna mabamba ya risasi ya namna mbili, yamepangwa moja baada ya jingine bila ya kugusana, nayo yamezama katika tindikali iliyochanganywa na maji. Bamba la namna moja ni risasi tupu yenye matundu kama sifongo. Bamba la namna ya pili ni risasi iliyoungana na hewa ya oksijeni, na rangi yake ni ya kahawia.

Betri itoapo umeme, tindikali huingia katika mabamba na kuyafunika kwa kitu cheupe kiitwacho salfeti ya risasi. Tindikali ikiisha kuingia katika mabamba, kinachobaki sandukuni huelekea kuwa maji matupu. Injini ikiwaka, chombo kiitwacho alteneta hurudisha umeme ndani ya betri, na salfeti ile hutoka katika mabamba ikawa tindikali tena. Basi betri haina umeme uliolala ndani yake kama maji mtungini. Ina vitu viwili vinavyogeuka na kurudi, vikageuka na kurudi, maelfu ya mara.

Kwa nini betri hufa kwa kusimama

Sasa sikilizeni vema, maana siri yote iko hapa. Salfeti ile ni kama ukoga wa meno. Mtu akipiga mswaki kila asubuhi, ukoga hutoka kwa urahisi. Akiuacha siku nyingi hugeuka ugaga mgumu kama jiwe, na mswaki hauwezi tena kuuondoa. Ndivyo ilivyo betri. Salfeti ikiwa mpya ni laini, na umeme ukirudishwa huyeyuka. Ikiachwa majuma na miezi, huwa chembe kubwa ngumu zisizoyeyuka tena, na sehemu ile ya bamba haifanyi kazi mpaka mwisho wa dunia. Kwa hiyo betri iliyoachwa nusu tupu kwa miezi mitatu haitarudi kuwa nzima hata ukiitia umeme usiku na mchana.

Labda mtu ataniuliza, “Mwalimu, motokaa yangu imezimwa, taa zimezimwa, ufunguo uko mfukoni mwangu. Ni nani anayekula umeme?” Wako walaji wawili.

Mlaji wa kwanza ni betri yenyewe. Hata ikiwekwa peke yake mezani, vitu vilivyomo ndani yake huendelea kugeuka polepole, na umeme hupungua kila siku. Joto huongeza upungufu huu: kila joto lizidipo kwa digrii 10, upungufu huongezeka karibu mara mbili.

Mlaji wa pili ni vyombo vidogo vya motokaa ambavyo havilali: saa, king'ora cha kuzuia wezi, redio inayokumbuka stesheni, na ubongo wa injini. Kila kimoja hula kidogo sana. Tuseme vyote pamoja hula sehemu 50 katika 1,000 za ampea moja, kadiri ambayo si ajabu katika motokaa za siku hizi. Wanafunzi, chukueni kalamu. Sehemu 50 katika 1,000, mara saa 24, ni ampea-saa 1.2 kwa siku. Betri nyingi za motokaa kubwa za kwetu zina ampea-saa 70. Nusu yake ni 35. Gawanyeni 35 kwa 1.2, mtapata siku 29. Basi kwa muda wa mwezi mmoja tu, bila ya mtu kugusa ufunguo, nusu ya umeme imekwisha kuliwa, nasi hatujahesabu bado kile alichokula mlaji wa kwanza. Bandu bandu huisha gogo.

Wako na walaji wa tatu, ambao ni sisi wenyewe. Motokaa ikisimama uani, vijana huigeuza kuwa sanduku la muziki, au huchomeka simu zao humo zipate umeme. Yafaa jambo hili likatazwe kabisa kwa motokaa ya wagonjwa.

Baridi ya nyanda za juu

Mji wa Mbeya uko juu ya bahari kwa kadiri ya meta 1,700, na Iringa uko chini yake kidogo. Mwezi wa Juni na wa Julai baridi yetu ni kali, na juu katika uwanda wa Kitulo umande huganda majanini. Baridi hii ina mambo mawili yanayopingana.

Jambo la kwanza ni hasara. Mnamo digrii sifuri betri hupoteza karibu theluthi moja ya nguvu zake za kuzungusha injini. Saa ile ile mafuta ya injini yamekuwa mazito kama uji uliolala, na injini ya dizeli yataka nguvu nyingi kuliko ya petroli. Betri inakuwa dhaifu wakati kazi imezidi. Ndiyo sababu betri iliyochoka haifi mwezi wa Novemba, bali hungoja asubuhi ya baridi.

Jambo la pili ni faida, na wachache huitambua. Kwa kuwa joto ndilo liongezalo upungufu, betri iliyopumzika Mbeya hupoteza umeme polepole kuliko iliyopumzika Dar es Salaam au Kyela. Betri iliyojazwa vema, ikatengwa na nyaya zake, ikawekwa katika chumba cha baridi, hukaa miezi kadhaa bila ya kudhurika sana. Basi baridi si adui ya betri iliyojaa. Ni adui ya ile iliyo nusu tupu.

Kuchagua betri

Ukienda dukani, muuzaji atakuuliza, “Wataka betri ya maji au betri kavu?” Jueni ya kuwa ile iitwayo betri kavu si kavu. Ndani yake mna tindikali kama katika nyingine, ila imefungwa, na risasi yake imechanganywa kwa namna isiyopoteza maji upesi. Kwa motokaa isiyosafiri sana betri hii ni njema, maana hupoteza umeme polepole, wala haihitaji kuongezwa maji. Ubaya wake ni kwamba huwezi kupima tindikali yake chumba kwa chumba.

Iko namna ya tatu, ambayo tindikali yake imenywewa na vitambaa vya nyuzi za kioo vilivyo kati ya mabamba, nayo huandikwa AGM. Hiyo huvumilia kusimama kuliko zote za risasi, lakini bei yake ni kubwa, tena yataka chaja iliyowekwa sawa nayo, maana umeme ukizidi huiharibu.

Betri ya maji ina faida yake pia. Nyingine huuzwa bila ya tindikali ndani, na tindikali katika chupa mbali. Maadamu haijatiwa tindikali, betri hiyo haijaanza maisha yake. Kama trekta lako litaanza kazi mwezi wa Novemba, usiitie tindikali mwezi wa Juni. Ingoje kazi. Ukiisha kuitia, ngoja nusu saa mabamba yanywe, kisha ichaji kwanza ndipo uifunge.

Namna yo yote utakayoichagua, shikeni mambo haya manne. Kwanza, tazama tarehe ya kutengenezwa. Betri iliyojaa tindikali, iliyokaa rafuni zaidi ya miezi sita pasipo kutiwa umeme, imekwisha kuanza kuota ugaga, hata kama inang'aa. Pili, mwombe muuzaji aipime mbele yako. Ikiwa chini ya volti 12.4 iache, kwa maana haikutunzwa. Tatu, chukua ukubwa ulioandikwa katika kitabu cha motokaa, au zaidi yake kidogo kama itaingia mahali pake, maana betri kubwa kidogo hukupa siku zaidi za kusimama. Nne, usinunue betri ya sola kwa kazi ya kuwashia injini. Betri ya sola imefanywa kutoa umeme kidogo kwa saa nyingi, lakini ya motokaa imefanywa kutoa umeme mwingi sana kwa nukta chache. Jembe na shoka vyote ni chuma, lakini hatulimi kwa shoka.

Wenye malori ya volti 24, ambayo hutumia betri mbili, wakumbuke kununua zote mbili pamoja. Betri mpya ikifungwa pamoja na kuukuu, ile kuukuu itaiharibu mpya. Wala wasichukue umeme wa redio katika betri moja ya hizo mbili, maana moja itachoka na nyingine itazidishiwa.

Kuitunza betri ya motokaa isimamayo

Desturi ya wengi ni kuiwasha motokaa kwa dakika tano kila juma, wakasema wameitunza betri. Desturi hii haifai kitu. Kwa kweli kuwasha injini iliyo nzima hakuli umeme mwingi, lakini dakika tano za kunguruma polepole uani hazirudishi kile kilicholiwa na saa na king'ora kwa siku saba. Tena injini isiyopata moto vizuri huacha majimaji ndani ya mafuta yake na ndani ya bomba la moshi, na vitu hivi huleta kutu. Ukitaka kuiwasha, isafirishe nusu saa au saa nzima, injini ipate moto. Ukifanya hivyo kila juma au kila majuma mawili, betri nzima haitakusumbua.

Kama huna mafuta ya kuchoma bure, zipo njia tatu nyingine.

Njia ya kwanza ni kuitenga betri na nyaya zake. Ondoa kwanza waya wa kichwa chenye alama ya kutoa, yaani hasi, na wakati wa kuurudisha uwe wa mwisho. Sababu yake ni hii: bodi zima la motokaa limeungwa na hasi. Ukianza na chanya, na spana yako ikagusa bodi, umeme wote wa betri utapita katika spana hiyo, nayo itawaka kama chuma cha mhunzi. Yule mlaji wa pili akiisha kuondolewa, anabaki wa kwanza peke yake. Njia hii yafaa sana kwa trekta na kwa motokaa ya mzee mstaafu. Wengine hufunga swichi ya kukata umeme, wakaepuka kazi ya spana. Kumbukeni tu kwamba saa itapoteza majira yake, na redio nyingine hudai namba yake ya siri kabla ya kulia tena.

Njia ya pili ni kuichaji kwa chaja mara moja kila mwezi au kila miezi miwili. Betri ya ampea-saa 70 iliyo nusu tupu, kwa chaja ya ampea 5, kwa hesabu yataka saa 7, lakini kwa kweli yataka zaidi, maana sehemu ya mwisho huingia polepole kama maji katika mtungi wenye shingo nyembamba. Msiikate njiani kwa kuona imekwisha kupata nguvu ya kuwasha injini, kwa kuwa ile sehemu ya mwisho ndiyo iondoayo salfeti iliyobaki.

Njia ya tatu ni jua, na hii ndiyo niipendayo kwa zahanati zilizo mbali. Bamba dogo la sola la wati 10, likipata jua zuri, hutoa karibu ampea 0.6. Kwa saa tano za jua ni ampea-saa 3, nasi tumeona ya kuwa motokaa hula 1.2 tu kwa siku. Hata siku ya mawingu ya Rungwe, ambako mvua ni nyingi kuliko sehemu nyingi za nchi yetu, likitoa theluthi moja tu litapata ampea-saa 1, karibu ya kutosha. Hapana budi kati ya bamba na betri kiwekwe kidhibiti cha umeme, ili betri isizidishiwe mchana wala umeme usirudi katika bamba usiku. Motokaa ya wagonjwa haiwezi kutengwa na nyaya zake, maana yaweza kutakiwa saa yo yote. Basi bamba hili dogo ndilo mlinzi wake. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwa betri ya maji, fungua vifuniko mara moja kila mwezi na utazame. Maji yakishuka mpaka mabamba yakaonekana, sehemu iliyo wazi hukauka na kufa. Ongeza maji yaliyokenekwa tu, yaani maji yaliyogeuzwa mvuke kisha yakarudishwa kuwa maji. Maji ya kisima na ya mto yana chumvi za ardhini, na maji ya paa la bati yana kutu. Wala usiongeze tindikali, maana kilichopanda hewani ni maji matupu, na tindikali yote ingali ndani. Betri isiyojaa umeme usiijaze maji mpaka juu, kwa sababu itafurika wakati wa kuchajiwa.

Vichwa vya betri vikiota unga mweupe au wa kijani, vioshe kwa maji ya moto yaliyotiwa magadi, huku vifuniko vikiwa vimefungwa vema, maana magadi yakiingia ndani huua tindikali. Kisha kausha, kaza nyaya, na upake grisi kidogo. Mara nyingi motokaa isiyowaka haina ubaya mwingine ila waya uliolegea.

Wako pia wasemao ya kuwa betri ikiwekwa juu ya sakafu ya saruji, umeme wake hunywewa na saruji. Zamani masanduku ya betri yalikuwa ya mbao na ya mpira, nayo yaliweza kuvuja. Sanduku la siku hizi ni la plastiki, na saruji haina neno nalo. Iweke mbali na watoto, na hilo latosha.

Kuipima

Ninyi mlio na mita ya volti, pimeni betri ikiwa imepumzika saa kadhaa tangu kuchajiwa au kusafiri. Volti 12.6 na zaidi, imejaa. Volti 12.4, imebaki robo tatu. Volti 12.2, nusu. Volti 12.0, robo tu. Angalieni vema: kati ya iliyojaa na iliyo karibu kwisha ni tofauti ya volti 0.6 peke yake. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwa kusema, “Ina volti 12, ni nzima.” Volti 12 kamili ni betri yenye njaa. Ikifika 12.4, ichaji, usingoje ishuke zaidi. Mita ya namna hii haina bei kubwa, na shule yenye mwalimu wa sayansi yaweza kuwa nayo na kuwasaidia jirani zake.

Hatari zake

Betri inapochajiwa hutoa hewa iitwayo haidrojeni, ambayo huwaka kwa cheche ndogo na kulipuka. Ichaji mahali penye madirisha wazi, wala usisogeze sigara, koroboi, wala kiberiti ili utazame maji yake. Watu wamepofuka kwa jambo hili dogo.

Ukiazima umeme katika motokaa nyingine, kazi ambayo mafundi huiita kubusti, unga chanya kwa chanya kwanza. Kisha waya wa pili utoke katika hasi ya betri nzima, na ncha yake ya mwisho ishikwe na chuma kitupu cha injini ya motokaa iliyokufa, mbali na betri yake, ili cheche isitokee palipo na hewa ile.

Tindikali ikimpata mtu machoni au mwilini, oshwe papo hapo kwa maji mengi safi kwa muda wa robo saa au zaidi, kisha apelekwe kwa mganga. Wakati wa kuchanganya tindikali na maji, tia tindikali katika maji polepole. Usitie maji katika tindikali, maana huchemka na kuruka.

Betri iliyokufa

Betri njema iliyotunzwa hukaa miaka mitatu hata mitano. Ikiisha kufa, bado ina thamani, kwa kuwa risasi yake huyeyushwa na kufanywa betri mpya. Irudishe dukani au kwa wanunuzi wenye ruhusa, ikiwa nzima, na tindikali yake ndani.

Nasema hivi kwa sababu wako watu wanaovunja betri kuukuu nyumbani na kuyeyusha risasi jikoni, wengine kwa kutaka kufanya chubwi za nyavu na mishipi, kama yawezavyo kutokea penye wavuvi pande za Ziwa Nyasa. Moshi na vumbi la risasi ni sumu. Haimwangushi mtu siku moja, bali huingia katika damu na kukaa mifupani, na kwa mtoto mdogo huharibu akili. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu tangu mwaka 2007 mpaka kilipofungwa mwaka 2014, na wenyeji wengi, wakubwa kwa wadogo, walikutwa na risasi katika damu. Mwaka 2020 mahakama ya huko Mombasa iliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, na kesi ikaendelea miaka mingine katika mahakama za juu. Fedha hizo ni nyingi, lakini hazinunui akili ya mtoto.

Basi, ndugu zangu, nimewaeleza mengi, lakini yakumbukeni kwa kifupi. Chagueni betri mpya kwa tarehe yake. Isimame ikiwa imejaa. Mwondoeni anayekula, au mleteni anayelisha. Ipimeni kabla ya baridi kuingia, mwezi wa Mei, wakati bado mnayo nafasi ya kuitengeneza. Na katika kila kijiji chenye motokaa ya wagonjwa, mkutano wa kijiji uchague mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuipima betri kila Jumatatu na kuandika hesabu yake katika daftari. Kazi ya watu wote haina mwenyewe, lakini kazi iliyoandikwa jina la mtu hufanyika. Mama yule atakayeletwa usiku hatajua jina la aliyepima. Atafika hospitali, na hilo litatosha.

Kwaherini.

Maswali kwa wanafunzi

1. Kwa nini betri iliyoachwa nusu tupu kwa miezi mingi hairudi kuwa nzima?

2. Betri ina ampea-saa 60, na vyombo vya motokaa hula ampea-saa 1.2 kila siku. Baada ya siku ngapi nusu ya umeme itakuwa imekwisha?

3. Ni waya upi uondolewao kwanza katika betri, na kwa sababu gani?

4. Kwa nini tunaongeza maji yaliyokenekwa, wala si tindikali?

5. Elezeni kwa maneno yenu faida moja na hasara moja ya baridi kwa betri.